Mtandao Uliouzwa Mara Mbili

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo waliutoa kwa ajili ya mfanyabiashara wa dukani, lakini unafaa pia kwa mataifa. Taifa lisiloandika mali yake, wala kujua mali hiyo imo mikononi mwa nani, laweza kuamka siku moja likakuta mali imekwisha badilisha mwenyewe, na habari zenyewe zimetoka ng'ambo.

Mwezi Juni mwaka 2010, katika nchi 15 za Afrika, mamilioni ya watu waliamka asubuhi wakazitumia simu zao za mkononi kama walivyozitumia jana yake. Minara ilikuwa palepale vilimani, namba zilikuwa zilezile, na vocha ziliuzwa katika vibanda vilevile. Hata hivyo, kampuni iliyoendesha simu hizo ilikuwa imekwisha kuuzwa. Thamani ya mauzo hayo, pamoja na madeni yake, ilikuwa dola za Kimarekani bilioni 10.7. Muuzaji alikuwa kampuni ya Zain ya Kuwait, na mnunuzi alikuwa kampuni ya Bharti Airtel ya India. Mkataba wenyewe haukuhitaji kutiwa sahihi Kampala, wala Kinshasa, wala Dar es Salaam. Kwa mujibu wa sheria, kitu kilichouzwa kilikuwa hisa za kampuni moja iliyoandikishwa Uholanzi.

Ili kuelewa jinsi jambo hilo lilivyowezekana, hapana budi kurudi nyuma na kuitazama historia ya kampuni iliyoitwa Celtel.

Mwanzilishi wake, Mohamed Ibrahim, ambaye wengi humwita Mo Ibrahim, ni Mwafrika, mzaliwa wa Sudan wa mwaka 1946, wa kabila la Wanubi. Alikulia Misri, akasomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Alexandria, kisha akafanya kazi katika shirika la simu la Sudan. Mwaka 1974 alikwenda Uingereza kuongeza elimu, na huko akapata shahada ya udaktari kwa utafiti wake juu ya mawasiliano ya simu zisizo na waya. Mwaka 1983 aliajiriwa na Cellnet, tawi la shirika la British Telecom, akawa mkurugenzi wa ufundi wakati Uingereza ilipokuwa ikijenga mtandao wake wa kwanza wa simu za mkononi.

Kazi ya mtandao wa namna hiyo si muujiza, ingawa wengi huiona hivyo. Eneo la nchi hugawanywa vipande vipande, na kila kipande hujengewa mnara wenye mitambo ya kupokea na kurusha mawimbi ya redio. Masafa yaleyale hutumika tena na tena katika vipande visivyopakana, na hivyo masafa machache huweza kuhudumia watu wengi. Mwenye simu anaposafiri, mnara mmoja humkabidhi kwa mwingine, naye huendelea kuzungumza bila kujua. Ujuzi mkubwa umo katika kupima: mnara usimame wapi, uwe na urefu gani, na mlima au ghorofa iliyopo mbele yake itazuia mawimbi kwa kiasi gani. Huo ndio ujuzi alioupata Ibrahim, na mwaka 1989 aliacha kazi ya mshahara akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Mobile Systems International, iliyowauzia ushauri na programu za kompyuta wale waliotaka kujenga mitandao. Mwaka 2000 kampuni hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Marconi ya Uingereza.

Lakini kabla ya mauzo hayo, jambo jingine lilikuwa limekwisha kuzaliwa. Katika miaka ya tisini serikali nyingi za Afrika zilianza kutoa leseni za simu za mkononi, na makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani hayakuzijali. Ibrahim amepata kusimulia kwamba alipomwuliza mkuu wa kampuni moja kwa nini hawaombi leseni ya Uganda, alijibiwa kwamba bodi haiwezi kukubali kupeleka fedha katika nchi ya Idi Amin. Wakati huo miaka mingi ilikuwa imepita tangu Amin kung'olewa madarakani mwaka 1979. Watu waliojisifu kwa kujua biashara ya dunia hawakujua hata nani anatawala Uganda.

Kutojua kwao kukawa nafasi ya wengine. Mwaka 1995 Celtel Uganda ilianza kazi, ikawa kampuni ya kwanza ya simu za mkononi katika nchi hiyo. Mwaka 1998 Ibrahim alianzisha kampuni maalumu ya kumiliki na kuendesha mitandao ya Afrika, ambayo baadaye ilichukua jina la Celtel, na Uganda ikawa miongoni mwa matawi yake. Zikafuata Zambia, Malawi, Sierra Leone, Gabon, Chad, Burkina Faso, Niger, Kongo zote mbili na nyinginezo. Mwaka 2001 ikaingia Tanzania kwa kununua asilimia 35 ya hisa za Kampuni ya Simu Tanzania, yaani TTCL. Mwaka 2004 ikaingia Kenya kwa kuchukua sehemu kubwa ya hisa za KenCell.

Kazi hiyo haikuwa rahisi, na haki ya aliyefanya kazi ni kusifiwa. Benki hazikutaka kuikopesha kampuni changa ya Kiafrika, kwa hiyo kwa miaka ya mwanzo ilitegemea zaidi fedha za wenye hisa, yakiwamo mashirika ya maendeleo kama Shirika la Fedha la Kimataifa na CDC ya Uingereza. Mahali pengi hapakuwa na umeme. Kila mnara ukahitaji jenereta, na kila jenereta ikahitaji mafuta na mlinzi. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako barabara ni chache na nchi ni pana mno, mitambo ilibidi ipelekwe kwa ndege. Kinshasa na Brazzaville ni miji mikuu miwili inayotazamana, katikati pana mto tu. Lakini simu kutoka mji mmoja kwenda mwingine ilikuwa ikizungukia Ulaya kwa setilaiti, kwa gharama kubwa, kabla ya Celtel kuiunganisha mitandao yake miwili kwa mawimbi yanayovuka mto huo. Huo peke yake ni ushahidi wa jinsi ukoloni ulivyotuachia njia zote zikielekea Ulaya na pasiwe na njia ya kwenda kwa jirani.

Jambo jingine la kusifiwa ni msimamo wake juu ya rushwa. Bodi ya kampuni iliweka kanuni kwamba malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 hayatoki bila idhini ya bodi nzima. Kanuni hiyo iliwakinga mameneja wa matawi. Afisa aliyetaka chake aliambiwa kwamba meneja hana uwezo wa kutoa, na ombi lake litasomwa na wajumbe wote huko makao makuu. Wachache walipenda jina lao lisomwe namna hiyo.

Kwa upande mwingine, si haki kusema kwamba kampuni hiyo ilikuwa rafiki wa wanyonge tangu siku ya kwanza. Huko Uganda, katika miaka ambayo ilikuwa peke yake, simu ya mkononi ilikuwa pambo la wakubwa na matajiri wa mjini. Ni pale MTN ya Afrika Kusini ilipoingia mwaka 1998 ndipo bei ziliposhuka na simu zikaanza kuonekana mikononi mwa watu wa kawaida. Mwananchi alinufaika kwa sababu wenye mali walilazimika kumgombania.

Mwaka 2005 Celtel ilikuwa katika nchi 13, ikiwa na wateja zaidi ya milioni 5. Ilikuwa ikijitayarisha kuuza hisa zake katika soko la London. MTN iliitaka. Hatimaye aliyeshinda ni kampuni ya simu ya Kuwait, wakati huo ikiitwa MTC, kwa dola za Kimarekani bilioni 3.4. Katika muda wa miaka saba, kampuni iliyokataliwa na mabenki ilikuwa imekuwa mali ya thamani kubwa kuliko bajeti ya mwaka ya serikali nyingi ilizofanyia kazi. Ibrahim alitumia sehemu ya utajiri huo kuanzisha mwaka 2006 taasisi inayopima utawala bora barani Afrika na kutoa tuzo kwa viongozi waliotawala vizuri wakaondoka madarakani kwa mujibu wa katiba. Wa kwanza kuipata, mwaka 2007, alikuwa Rais mstaafu wa Msumbiji, Joaquim Chissano.

Chini ya mwenyewe mpya, kampuni ilifanya jambo moja ambalo watu wa Afrika Mashariki hawana budi kulikumbuka. Mwezi Septemba mwaka 2006 ilifuta mipaka ya simu kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja wa Kampala aliyekwenda Nairobi au Mwanza aliweza kupiga simu kwa bei ya wenyeji, kununua vocha ya huko, na kupokea simu bila malipo. Mwaka uliofuata utaratibu huo ukaenea hadi Kongo, Gabon, na nchi nyingine. Mfanyabiashara wa samaki wa Ziwa Victoria, dereva wa lori wa Mombasa hadi Kigali, na mama anayeuza vitenge mpakani, wote wanajua maana ya jambo hilo. Lakini ni jambo la kufikirisha kwamba kampuni iliyomilikiwa Kuwait ndiyo iliyotangulia kufuta mpaka uliochorwa na wakoloni. Serikali zilifuata baadaye: ilikuwa mwaka 2014 ndipo Kenya, Rwanda na Uganda zilipoanza kutekeleza makubaliano yao wenyewe ya kuondoa gharama za ziada za simu za kuvuka mipaka.

Mwaka 2008 jina la Celtel lilifutwa, likawekwa la Zain. Mwaka 2010 likafutwa la Zain, likawekwa la Airtel. Mwenye duka ambaye ukuta wake ulipakwa rangi za kampuni hiyo alipakiwa mara tatu, na huko Kenya, ambako mwanzo jina lilikuwa KenCell, mara nne. Kila rangi mpya ilikuwa ishara kwamba mahali fulani, mbali na duka lile, fedha nyingi zimebadilishana mikono.

Hapo ndipo linapojitokeza swali kubwa. Je, nchi ambazo minara imesimama katika ardhi yake zilipata nini katika mauzo hayo?

Uganda iliuliza swali hilo waziwazi. Baada ya mauzo ya mwaka 2010, Mamlaka ya Mapato ya nchi hiyo iliidai Zain kodi ya dola za Kimarekani milioni 85, ikisema kwamba kampuni imepata faida kwa kuuza mali iliyoko Uganda. Zain ilikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba haikuuza kitu chochote nchini Uganda. Kampuni ya Kiholanzi iliuza hisa za kampuni nyingine ya Kiholanzi. Kampuni hiyo iliyouzwa ilimiliki kampuni ya tatu ya Kiholanzi. Na hiyo ya tatu ndiyo iliyomiliki Celtel Uganda. Kwa hiyo, ilisema, muuzaji si mkazi wa Uganda, hisa zilizouzwa si za Uganda, na Uganda haina mamlaka ya kutoza kodi.

Ndugu msikilizaji, tuseme mtu ana nyumba Kampala. Anauchukua ufunguo wa nyumba hiyo, anautia katika kisanduku, na kisanduku anakitia katika kisanduku kingine kikubwa zaidi, kisha anakiweka Amsterdam. Siku ya siku anakiuza kile kisanduku kikubwa kwa bei ya nyumba. Mtoza kodi wa Kampala anapobisha hodi, anajibiwa: nyumba haikuuzwa, kilichouzwa ni kisanduku, nacho kiko Ulaya. Mwananchi wa kawaida atacheka. Lakini katika sheria za biashara za dunia maneno kama hayo huandikwa na mawakili wenye elimu kubwa, na mara nyingi hukubaliwa.

Mwanzo Mahakama Kuu ya Uganda iliipa Zain haki, ikiona kwamba Mamlaka ya Mapato haikuwa na uwezo juu ya mauzo hayo. Mamlaka haikukata tamaa, ilikata rufaa. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi ule, ikasema kwamba Mamlaka ya Mapato inao uwezo wa kisheria wa kumkadiria kodi muuzaji wa ng'ambo katika mauzo ya namna hiyo. Uamuzi huo ulisomwa kwa makini na maofisa wa kodi katika nchi nyingi maskini, kwa sababu visanduku vya Amsterdam haviko kwa ajili ya simu tu. Vipo vya dhahabu, vya mafuta, na vya gesi.

Tanzania nayo ilikuwa na somo lake. Zile asilimia 35 za TTCL zilizouzwa mwaka 2001 zilipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine kadiri kampuni mama ilivyouzwa, mpaka zikafika kwa Bharti Airtel, ingawa Serikali ya Tanzania haikuwahi kuketi mezani na kampuni hiyo kuiuzia. Mwaka 2016 Serikali ilizinunua tena kwa shilingi bilioni 14.9, na shirika likarudi mikononi mwa umma. Kisha mwaka 2019, baada ya mazungumzo marefu, sehemu ya Serikali katika Airtel Tanzania iliongezwa kutoka asilimia 40 hadi 49. Mtu aweza kubishana juu ya hesabu za kila mkataba, lakini jambo moja ni dhahiri: nchi iliyofungua daftari lake na kuuliza ilipata zaidi ya nchi iliyonyamaza.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya yanawafukuza wenye mitaji. Watasema: kama si tamaa ya kuuza kwa faida, nani angelipeleka minara katika misitu ya Kongo? Hoja hiyo ina uzito, na si vizuri kuipuuza. Mashirika ya umma ya simu yalikuwa na muda wa kutosha kabla ya miaka ya tisini, lakini mwananchi aliyeomba simu ya waya alisubiri kwa miaka, na vijijini hakuomba kabisa. Aliyehatarisha mali yake anastahili faida. Lakini faida hiyo haikutokana na fedha zake peke yake. Ilitokana na masafa ya redio, ambayo ni mali ya taifa kama ardhi na maji. Ilitokana na leseni zilizotolewa na serikali, na ilitokana na shilingi za vocha za mamilioni ya watu wenye kipato kidogo. Mtoto aliyelelewa na kijiji kizima haozwi bila kijiji kuarifiwa.

Wala si haki kuwalaumu wageni peke yao. Mwaka 2023 lilitokea jambo nchini Uganda lisilopendeza kusimuliwa, lakini lenye faida kubwa kulijua. Kwa kufuata masharti ya leseni yaliyowekwa na serikali, Airtel Uganda, ambayo ndiyo ileile Celtel ya mwaka 1995, iliuza hisa zake kwa umma katika soko la mitaji la Kampala. Zilitolewa asilimia 20 za kampuni. Baada ya miaka 28 mlango ulikuwa umefunguliwa, na mwananchi ambaye vocha zake ziliijenga kampuni aliweza sasa kuwa mmoja wa wenyewe. Zilizonunuliwa ni zaidi kidogo ya nusu ya hisa hizo, na sehemu kubwa ya hizo ilichukuliwa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani akiba ya wafanyakazi. Hisa zilizosalia hazikupata mnunuzi.

Sababu za jambo hilo ni nyingi. Wengine hawakuwa na fedha, wengine hawakuelewa hisa ni nini, na wengine waliona bei ni kubwa. Hata hivyo, somo lake ni kwamba sheria ya kuwapa wananchi umilikaji haitoshi kama wananchi hawana akiba, hawana elimu ya mambo ya fedha, na hawana imani kwamba daftari la kampuni litasomwa mbele yao. Mfuko wa wafanyakazi umeonyesha njia moja: mtu mmoja hawezi kununua mnara, lakini akiba za laki nyingi za watu zikiwekwa pamoja zinaweza.

Historia ya Celtel basi ina pande mbili, na zote ni za kweli. Upande mmoja ni wa mhandisi Mwafrika aliyewaonyesha walioidharau Afrika kwamba walikuwa vipofu, akajenga bila waya na bila rushwa kile ambacho wengine walishindwa kujenga kwa waya. Upande wa pili ni wa mali iliyozalishwa Afrika, ikakua Afrika, lakini ikauzwa mara mbili ng'ambo, na nchi zenye minara zikalazimika kwenda mahakamani kuuliza fungu lao.

Vijana wahandisi wanaotoka leo katika vyuo vya Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Kinshasa watajenga makampuni mengine. Baadhi yataanza katika chumba kimoja, na baadhi yatatafutwa na matajiri wa mbali kwa mabilioni ya dola. Hilo halitakuwa kosa. Kosa litakuwa kama siku hiyo itakapofika, sheria zitakuwa bado na matundu yaleyale, akiba za wananchi zitakuwa bado zimelala chini ya magodoro, na daftari la taifa litakuwa bado halijafunguliwa. Minara huonekana na kila mtu, hata mtoto mdogo huiona kwa mbali. Ni mwenye minara ndiye anayehitaji kuandikwa daftarini, na daftari hilo sharti liwekwe nyumbani.